Tahadhari kwa Jina la Ashrafu

Jumamosi, 4 Aprili

Fungate imekwisha na bado sijazoea kuamka nikamkuta Ashrafu ubavuni mwangu. Leo nimemtazama amelala mpaka chai ikapoa. Ana kovu dogo juu ya nyusi, alianguka mwembeni utotoni huko kwao milimani, na mimi nalipenda kovu hilo kama vile limechorwa kwa ajili yangu. Nyumba yetu hapa Kibiti ni vyumba viwili vya kupanga, bati linavuja juu ya kabati, na mimi naiona jumba la sultani.

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Safina, jirani wa mlango wa pili, ameniona nimekaa barazani natabasamu peke yangu akaniambia, "Bibi harusi, ingiza nguo zako ndani. Mapenzi hayakaushi kanga."

Jumapili, 5 Aprili

Mvua. Ashrafu. Mvua.

Jumanne, 7 Aprili

Amerudi kazini leo na mchana umekuwa mrefu kama wa Ramadhani. Watu wengi hawaijui kazi yake. Bibi yangu anadhani anauza vocha.

Kazi yake ni hii. Huko juu mtoni mradi wao umesimika nguzo zenye vipima maji. Kila nguzo inatuma habari kwenye kompyuta ya ofisini Kibiti. Maji yakivuka mstari mwekundu, kompyuta yenyewe, bila mtu kuigusa, inatuma tahadhari kwenye makundi ya kuchati ya wakulima wa bondeni. Tahadhari huja kwa jina MTO, na picha ya nguzo ya kupimia. Babu yangu Dadi, mlinda mpunga wa huko, akiipata huwa anasema "Mto umesema," na mto ukisema hakuna anayebishana. Mwaka juzi ulisema asubuhi, na mchana bonde zima lilikuwa limehama.

Sasa wenye programu hiyo ya kuchatia wametangaza kwamba njia inayotumiwa na kompyuta kuingia kwenye makundi inafungwa mwisho wa mwezi huu. Wote wanaoitumia wahamie njia mpya. Ashrafu ndiye mhamishaji, kundi baada ya kundi. Amenieleza kwa kunichorea kiganjani kwa kidole, na nikajifanya sijaelewa ili achore tena. Ni kama mlango wa uani unaozibwa, amesema. Anayeingia sasa atapita mlango wa mbele, na ataje jina lake.

Alhamisi, 9 Aprili

Tumekwenda Mtawanya kuwasalimia babu na bibi kabla babu hajashuka bondeni kulinda mpunga. Hatujafika hata uani tukasikia sauti ya babu ikimwita bibi.

"Sijaona! Funga kuku! Mwizi wa wake za watu huyo anakuja!"

"Shikamoo, babu," Ashrafu akasema.

"Marahaba ya nini? Umenichukulia mke wangu nikiwa hai. Ungengoja nife, basi."

"Nilingoja, babu. Nikaona hufi."

Bibi Sijaona alicheka mpaka akakaa chini. Babu akamrushia Ashrafu kandambili, kisha akamkumbatia. Ndivyo walivyo tangu posa ilipoletwa. Kwa babu mimi ni mke, na aliyenioa ni mwizi, na mwizi asipojibu matusi ya mwenye mke basi hana adabu. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la pili, na babu ndiye aliyenilea. Nimesoma mpaka kidato cha nne kwa mpunga wa bonde lile. Nimemwona akikaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya shamba, siku nzima akifukuza ndege na usiku akifukuza nguruwe, mpaka sauti inakauka.

Akaniambia wakati wa kuagana, "Mke wangu, ukichoka kwa huyo Mmatumbi wako wa milimani, dungu lina nafasi."

Jumatatu, 13 Aprili

Ameniletea mkate wa kumimina kutoka Bungu, kaufunga ndani ya koti lake usilowe. Yeye ndiye aliyelowa.

Jumatano, 15 Aprili

Amerudi na uso uliokunjamana. Njia mpya haikubali kompyuta peke yake. Inataka mtumiaji kamili, mwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, awe ndiye anayetuma. Mto hauna kidole. Ameomba ofisi kuu Dar wamsajilie laini ya mradi aiite MTO kama zamani. Mkubwa wake amemjibu, "Tumia yako kwanza, tutabadilisha baadaye."

Basi ametumia yake. Kuanzia leo tahadhari zote zitakwenda kwa jina Ashrafu, na picha yake, na picha yake ni sisi wawili siku ya harusi, mimi na asumini kichwani. Nimefurahi kama mtoto! Nimefikiria wanaume wote wa bondeni, kila maji yakipanda au yakishuka, wanamwona mume wangu alivyo mzuri.

Jumamosi, 18 Aprili

Taarifa ya kwanza imeingia kwenye kundi la bonde letu, ambamo nami nimo. "Maji ni ya kawaida. Endeleeni na kazi." Na nyuso zetu pembeni.

Kundi lililipuka. Mzee Huseni, mwenyekiti wa wakulima, ndiye aliyeanza: "Jamani, Mto umeoa?" Mwingine akauliza kama Mto umelipa mahari. Kisha ikaja sauti ya babu, upepo na ndege nyuma yake: "Mwizi wee! Umeona kuniibia hakutoshi, sasa unanitumia na picha!"

Ashrafu alikuwa anakula. Akaweka tonge chini, akajibu kwa mkono wake: "Babu, toka bondeni haraka. Maji yanakuja kukuchukua, mkeo tayari ninaye."

Nilicheka machozi. Kundi zima lilicheka. Babu akatuma sauti ya kicheko kitupu, hakuna hata neno.

Jumanne, 21 Aprili

Njia ya zamani na njia mpya zilikuwa zinatuma pamoja, kila taarifa ikawa inaingia mara mbili. Watu wamelalamika inawamalizia bando. Ashrafu ameizima ile ya zamani leo, kabla ya tarehe. Kwenye kundi yakatokea maandishi madogo: MTO ametoka kwenye kundi. Mzee Huseni akaandika, "Buriani."

Amenipikia leo. Ugali wake una madonge na nimeumaliza wote.

Ijumaa, 24 Aprili

Ameondoka alfajiri na gari la ofisi kwenda nguzo za juu, betri ya moja imekufa. Huko simu haishiki mtandao. Nimemkumbuka kabla gari halijakata kona.

Saa nne nikamwona kwenye simu. "Maji yamevuka mstari mwekundu. Tokeni bondeni sasa." Na picha yetu. Nikajua amepata kilima chenye mtandao, akaona amchokoze babu kabla ya swala ya Ijumaa. Babu hakukawia kujibu: "Leo umekuja na mstari mwekundu! Mstari wangu mie ni mke wangu, nawe umeshauvuka. Kalale!" Nimeisikiliza mara tatu. Mzee Huseni akaandika kwamba bwana harusi anataka bonde zima litoke abaki yeye na mkewe. Ujumbe ukarudi tena, maneno yale yale, na matani yakarudi nayo.

Napika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Atakuja ana njaa.

Jumapili, 26 Aprili

Babu amekufa.

Nimeliandika neno hilo na nimelitazama, na nisipoendelea kuandika nitapiga kelele, na bibi amelala chumba cha pili, ndiyo kwanza amepata usingizi.

Ule ujumbe haukuwa wa Ashrafu. Ulikuwa wa mto. Kompyuta ilituma yenyewe, kama ilivyopangwa, na yeye wakati huo yuko chini ya nguzo, mikono imejaa grisi ya betri, hajui kwamba jina lake linaongea. Simu yake ilipopata mtandao njiani, tahadhari zote na majibu yote yakamiminika kwa pamoja. Dereva ameniambia Ashrafu alisoma, akapiga namba ya babu, akapiga tena, akapiga tena, kisha akafungua mlango wakati gari linakwenda, kana kwamba kwa miguu angewahi.

Maji yaliingia bondeni watu wakirudi kutoka swala ya Ijumaa. Walioyaona kwa macho walikimbia. Mzee Huseni aliwatoa wengine kwa mtumbwi, waliokuwa wamepanda juu ya miti. Dungu la babu lilikuwa chini kabisa, karibu na mto, kwa sababu huko ndiko mpunga unakobeba zaidi. Ashrafu alifika alasiri, akaingia na mtumbwi yeye na vijana wawili, wakapita juu ya mpunga uliokwisha kutoa masuke. Mahali pa dungu palikuwa na maji tu, yanazunguka.

Wamempata jana mchana, amenaswa kwenye matete. Wamemzika Mtawanya jana hiyo hiyo. Sheikh amesema aliyekufa maji ni shahidi. Nimeshukuru, na haijanituliza.

Kwetu babu akifa, wajukuu ndio wenye matanga. Wanazuia jeneza lisitoke, wanadai kiingilio, wanamwigiza marehemu anavyotembea, mpaka wafiwa wanacheka katikati ya kilio. Mke wa utani analia, na mwizi wake anasema, "Mwondoeni mpinzani wangu upesi." Hiyo ilikuwa haki ya Ashrafu. Wakati wa kulinyanyua jeneza watu walitulia kidogo kumngoja, nadhani kwa mazoea. Yeye alikuwa amesimama pembeni, suruali ina matope mpaka kiunoni, mdomo umefunguka. Mzee Huseni akasema, "Twendeni. Leo hakuna utani."

Baada ya maziko nikawasikia uani, mimi niko ndani na wanawake, dirisha liko wazi.

"Wewe ndiye uliyeandika?" Mzee Huseni alimuuliza.

"Ni kompyuta, mzee wangu. Mimi sikuwa hata na mtandao."

"Kompyuta imeandika kwa jina lako. Na juma lililopita wewe umeandika maneno ya kompyuta, kwa jina hilo hilo, tukacheka. Sisi tungejuaje yupi ni yupi?"

Nikamwona Ashrafu dirishani akibandua tope lililokauka kwenye suruali.

"Ungesema Mto, tungetoka," Mzee Huseni akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa analia. Yeye pia alijibu kwa utani siku ile, nimeyasoma maneno yake.

Jumatano, 29 Aprili

Bibi ameanza eda. Nguo nyeupe, chumba kimoja, miezi minne na siku kumi. Nimebaki naye Mtawanya. Anauliza kama ndege wamefukuzwa shambani. Shamba lenyewe halipo.

Alhamisi, 30 Aprili

Njia ya zamani imefungwa leo rasmi dunia nzima. Ashrafu amepokea barua pepe kutoka ofisi kuu. Amenisomea kwenye simu, sauti haipandi wala haishuki: hongera, makundi yote yamehamishwa kabla ya muda. Chini yake kuna kijipicha cha viganja vinavyopiga makofi.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua.

Jumatatu, 4 Mei

Nimerudi Kibiti kuchukua nguo. Ashrafu ameitoa picha yetu pembeni ya jina lake, ameweka duara tupu la kijivu. Nilikuwa nataka aitoe, na nilipoona ameitoa nikaumia.

Nimemtazama akila. Lile kovu juu ya nyusi, ambalo mwezi uliopita nililiandikia mistari mizima, leo nimeliona ni kovu tu. Nikasema neno ambalo nimelibeba tangu maziko.

"Kwa nini ulimjibu kwa simu ile ile?"

Akaosha mikono kwanza. "Babu ananitania mbele ya watu wote, Muzdalifa, ninyamaze? Ningekuwa mkwe gani? Wangesema Mmatumbi ana kiburi."

"Ungejibu ukifika."

"Ningejibu nikifika." Akasukuma sahani. "Na wewe? Ulipouona ule ujumbe, ulifanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilicheka. Niliisikiliza sauti ya babu mara tatu, nikaenda kukuna nazi.

Hatukugombana zaidi. Tulikaa sakafuni, migongo ukutani, kila mmoja upande wake wa mlango, bati likidondosha maji ndani ya sufuria. Kuna wakati alinyoosha mkono akanishika kidole kimoja tu, cha mwisho, kama mtu anayeomba ruhusa. Nikamwachia kidole.

Jumanne, 5 Mei

Namchukia asubuhi, jioni namngojea.

Jumamosi, 9 Mei

Ofisi kuu sasa imekubali. Laini imesajiliwa ndani ya siku moja, ile waliyosema baadaye. Tahadhari zinaweza kurudi kuitwa MTO, na picha ya nguzo. Ashrafu hakutaka kubadilisha kimyakimya. Amekuja Mtawanya kuwaeleza wakulima na kuwaomba radhi.

Walikaa barazani kwetu ili bibi asikie kutoka chumbani. Ashrafu alizungumza vizuri, hakujitetea. Alisema kosa ni lake, jina la Mto linarudi, na watakaporudi bondeni kupanda maji yakipungua hakuna atakayechanganyikiwa tena.

Mzee Huseni alimwacha amalize. "Baba, tumekusamehe. Kifo ni cha Mungu. Lakini hilo jina la Mto liache."

"Kwa nini, mzee?"

"Tulidhani ni mto unaosema. Kumbe ni mtu, na mtu anabadilishwa Dar wakati sisi tumelala. Kesho watakuwekea jina jingine. Weka la kwako. Jina lako tunalijua, na nyumba yako tunaijua."

"Lakini jina langu ndilo..."

"Jina halina ubaya. Kilichoharibu ni utani. Kwa hiyo tumezungumza, wazee na vijana, tumeuvunja. Kuanzia leo hapa hakuna anayekutania, nawe humtanii mtu. Ukisema maji, ni maji. Na kila nyumba itakujibu kwamba imepata, ili ujue."

Wengine walitikisa vichwa, kwa upole kabisa. Hakuna aliyemwonea. Ashrafu akageukia pazia la chumba cha bibi. Niliona anatafuta kusema kitu cha kuchekesha, kitu chochote, na hakukipata.

"Hata wewe, bibi?"

Pazia halikutikisika. Bibi, ambaye hajawahi kumwita kwa jina tangu alipoleta posa, mwizi tu, mwizi karibu, mwizi umekula, alijibu kutoka ndani:

"Hata mimi, Bwana Ashrafu."

Alhamisi, 14 Mei

Ashrafu ametembea vijiji vyote vya bondeni juma hili kukagua kama simu zinashika mtandao. Anakaribishwa kila mahali. Anapewa kiti. Anaitwa Bwana. Amesema ni kama kwenda ugenini kila siku.

Tangu juzi nimerudi kwetu Kibiti, na leo nimemchukulia maji ya kuoga kabla hajaomba. Nimemwona amekonda, shingo imetoka. Nilidhani mapenzi ni ile furaha ya Aprili. Sasa hata sijui niite nini hiki kinachonifanya nimpashie mtu maji ya moto na huku nina hasira naye.

Jumapili, 17 Mei

Mvua kubwa jana kutwa, na juu mtoni zaidi. Asubuhi hii tahadhari imetoka kwa jina lake. Wachache walikuwa wamesharudi bondeni kuokoa mihogo na kujenga madungu upya.

Wametoka wote, kabla ya adhuhuri. Safina ana kaka yake huko, amempigia, amesema wamebeba mikeka, sufuria, mbuzi mmoja na redio, wakapanda juu wakakaa. Maji yamekuja nyuma yao yakakuta bonde tupu. Hakuna aliyedhurika. Nimesujudu.

Ashrafu amekaa chumba cha pili anasoma majibu. Nimemsikia akiyasoma kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, kama anatafuta kitu kilichoanguka. Mzee Huseni: Tumepata. Nyumba inayofuata: Tumepata. Tumepata. Tumepata.

"Wametoka wote," nikamwambia kutoka jikoni.

"Wametoka," akasema. Kisha, baadaye kidogo, "Hakuna aliyesema neno jingine?"

Nyumba moja tu ilikuwa haijajibu. Bibi hana simu, na shambani kwake hakuna mtu, lakini nyumba ni nyumba, na alinipigia kwa simu ya jirani akaniomba nijibu kwa niaba yake. Nikashika simu yangu. Nikaandika, "Tumepata, mwizi wee." Nikayatazama maneno yale mpaka mwanga wa simu ukafifia. Yalikuwa maneno ya babu, na hakuna mwenye haki nayo sasa zaidi yangu, na wakulima wote wangeyaona, siku ambayo kwa mara ya kwanza wamemwamini.

Nikafuta neno la mwisho, nikafuta na lile la kabla yake. Nikatuma lililobaki.

Chumba cha pili simu yake ikalia.